Mama yuko kwa mashine, Kanisa lasemaje? Naomba ushauri

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Mamangu kapigwa na kiharusi yuko ICU hapa Malindi, mashine ndo inampumulia na daktari asema ubongo umeharibika hatarudi, tukubali itolewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2278 nimesoma, inaruhusu kuacha matibabu mazito yasiyolingana na matokeo, hapo roho imetulia kidogo. Kinachonisumbua ni ule mpira wa puani wa kumlishia, maana Papa Yohane Paulo II mwaka 2004 alisema chakula na maji hata kwa mpira si matibabu ni huduma ya kawaida, na mama kila akipewa uji unarudi wote mpaka nesi ampanguse shingo. Paroko ashampaka mafuta ya wagonjwa ila kaenda Garsen hapatikani, na kakangu ataka jibu leo. Je, tumbo likikataa hivi, kusimamisha uji ni dhambi?