Nia ninayo, lakini kila mbalamwezi inaniangusha: nifanyeje?

Muuza dagaa, Kirumba

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninauza dagaa pale mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, mitumbwi inaposhusha samaki, kwa jumla na kwa rejareja. Mwanzoni mwa mwaka niliandika katika daftari mambo matatu ninayoyaheshimu maishani: kutompunja mteja katika kipimo, kuweka akiba ya ada, na kukaa na wanangu jioni wanapodurusu masomo. Hakuna hata moja ninalolitilia shaka, lakini kila ninapojihesabu naona nimeyatenda kwa kubahatisha tu. Wakati wa giza, yaani siku zisizo na mwezi ambapo dagaa huvuliwa kwa taa, mitumbwi inapoingia alfajiri na fedha inapopatikana, najiambia kwamba nitaweka akiba kesho. Mbalamwezi ikifika, wavuvi wakazima taa zao na kupumzika, fedha hakuna, nami najiahidi kuanza giza likirudi. Je, huu ni uvivu?

Mwalimu mstaafu, Nyakato

Dada yangu, mtu anayeamka saa tisa usiku kuiwahi mitumbwi hawezi kuitwa mvivu. Kasoro iko katika namna ulivyoliandika azimio lenyewe. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alitofautisha nia ya jumla, kama vile “nitaweka akiba”, na mpango unaofunga tendo kwenye tukio maalumu: likitokea hili, nitafanya lile. Mpango wa namna hiyo hukupunguzia mashauriano na nafsi yako, kwa sababu tukio lenyewe ndilo linalokukumbusha. Kwa hiyo andika hivi: “Nikishamlipa mpakiaji wa mwisho, kabla sijaondoka mwaloni, nitatuma fedha ya ada kwenye akaunti.” Anza na hilo moja, kwa maana mambo matatu yakianzishwa siku moja huangushana.

Fundi cherehani, Igoma

Nakubaliana na Mwalimu, ila naongeza kwamba kiasi kisichobadilika kitakushinda mbalamwezi, na ukishashindwa mara mbili utaliacha daftari. Tenga fedha kwa kila gunia linalouzwa. Siku ambayo hujauza, lifungue daftari uandike sifuri, kwa kuwa kinachojengwa hapo ni mazoea ya kuhesabu, fedha itafuata. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya, wakaona kwamba muda wa kati hadi tendo lizoeleke ulikuwa siku 66, lakini makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Tena kukosa siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengwa. Siku 66 ni zaidi ya miandamo miwili ya mwezi, kwa hiyo usijihukumu kabla hujapita giza na mbalamwezi walau mara mbili.

Kuhusu kipimo, niwie radhi nikisema wazi: je, kopo lako limebonyea kitako? Mimi nilikuwa na futi ya kitambaa iliyokatika ncha, na kila siku niliazimia kufidia sentimita zile, na kila siku yenye wateja wengi nilisahau, mpaka nilipoitupa na kununua nyingine. Tangu hapo sijalazimika kuazimia lolote.

Mama wa watoto wanne, Buhongwa

Hapo kwenye watoto nina shaka na ushauri wote uliotangulia. Anayeamka saa tisa usiku akiahidi kuwa macho saa tatu usiku ameahidi asichokiweza, hata akikifunga kwenye matukio kumi. Mama, unachothamini ni kuwasikiliza wanao, si saa ya jioni. Kaa nao wanaporudi shuleni, hata kama ni nusu saa huku unachambua mchele, halafu ulale bila kujilaumu.

Muuza dagaa, Kirumba

Nawashukuru. Fundi, kopo lilikuwa limebonyea kweli, na nimeona aibu kulisoma swali lako. Nimeshanunua jipya, na jana mteja wangu wa siku nyingi, baada ya kuona nimepandisha bei kidogo, alilalamika kwamba nimekuwa mchoyo. Nikampimia kwa makopo yote mawili mbele yake, akanyamaza, kisha akaniuliza ni muda gani nimelitumia lile la zamani. Nilimjibu ukweli. Giza linaanza wiki ijayo, nami nimeandika shilingi elfu moja kwa kila gunia.