Sindano, kijiti au vidonge: kipi kinakata hedhi bila kukuachia chunusi?

BintiIsanga: Wapendwa, niko Mbeya mjini, miaka 31, watoto wawili. Napeleka parachichi Dar kwa basi la usiku, na hedhi ikikukuta njiani ni mateso, choo cha stendi hakina hata maji. Mwaka jana nikaanza sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Tangu ile ya tatu damu imekata kabisa, nashukuru. Ila uso sasa! Kidevuni ni chunusi zile kubwa, ukigusa unaruka. Sindano nyingine ni tarehe 20. Nihamie kijiti au vidonge vya majira?

MamaWawili: Kijiti usikikimbilie kwa ajili ya uso, shoga. Mimi nina kile kimoja cha miaka mitatu: chunusi zilikuja, na matone hayaishi, siku 12 natoka, 3 napumzika. Dada yangu ana vile viwili vya miaka mitano, uso laini kama yai. Miili haifanani.

ShangaziTukuyu: Jamani, hiyo damu isipotoka inaenda wapi? Huku tunaambiwa inaganda tumboni inakuwa uvimbe.

NesiMstaafu: Shangazi, haiendi popote kwa sababu haipo. Dawa inafanya ukuta wa mfuko wa uzazi ubaki mwembamba, hakuna cha kumwaga.

Binti, sindano na vijiti vina homoni moja tu, projestini, na kwa baadhi ya watu inaamsha mafuta usoni. Vidonge vya kawaida vina projestini na estrojeni. Hiyo estrojeni inapunguza homoni ya kiume iliyo huru kwenye damu, ile inayochochea tezi za mafuta. Uso hutulia, ila subiri miezi mitatu hivi. Vidonge vya wanaonyonyesha havina estrojeni, usivitegemee kwa chunusi.

Na hedhi unairuka vilevile. Pakiti ya 28 ina 21 vyenye homoni na 7 vya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu. Ukimaliza vile 21, unaanza pakiti mpya kesho yake. Miezi ya mwanzo matone yatakusumbua. Lakini pima presha kwanza. Na kama una kipandauso kinachoanza na vimulimuli machoni, au uliwahi kupata damu kuganda mguuni, au unavuta sigara na umefika 35, hivyo si vyako.

MchuuziMakambako: Nesi kasema vyema, ila vidonge vinataka kichwa. Mimi nilivisahau nyumbani safari mbili mfululizo. Matokeo yake sasa yuko chekechea.

NesiMstaafu: 😂 Hongera mama. Binti, chunusi zilianza lini? Na unapaka nini?

BintiIsanga: Zilianza Februari. Napaka mafuta ya mgando kwa ajili ya baridi, na krimu niliyopimiwa sokoni Mwanjelwa kwenye kikopo, toka Januari.

MamaWawili: Kikopo kina lebo?

BintiIsanga: Hakina.

NesiMstaafu: Basi sindano tumeisingizia mapema. Krimu za kupimiwa mara nyingi zina steroidi, dawa kali ya ngozi, nazo zenyewe zinaleta chunusi. Usishtuke ukiiacha uso ukachachamaa kwanza, ndivyo inavyokuwa. Ukienda kliniki nenda nacho hicho kikopo.

ShangaziTukuyu: Ndaga, nesi. Wangu wa kike naye ana kikopo kama hicho.

BintiIsanga: Mrejesho. Nimetoka kliniki. Presha 148/96, wamenikalisha nusu saa wakapima tena, bado ipo juu. Vidonge nimenyimwa. Nimechoma sindano yangu kama kawaida, bure, na baada ya wiki mbili narudi kupima presha. Krimu nimeacha tangu juzi na uso unawaka moto. Kikopo kipo juu ya kabati, sijakitupa. Nilikinunua elfu kumi na tano.