Tangawizi ya maua inaungua majani, niko Shangani Mtwara

Binti Shangani
Wakuu habari za leo, nina ile tangawizi ya maua mekundu wanayopenda kuweka mapokezi hotelini, shangazi alinikatia tunguu (lile shina lake la chini ya udongo) kule Newala kwake imejaa mpaka anaitupa, mimi huku mwaka wa pili sijaona hata ua moja na majani yanaungua pembeni utadhani yamepita motoni. Maji ya kisima namwagia kila jioni, samadi ya mbuzi ipo. Nakosea wapi jamani?

Mzee wa Mikoroshoni
Hicho kisima umeshakionja? Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi na huo mmea chumvi hauiwezi kabisa. Halafu umeupanda upande gani, maana kama upepo wa kusi wa baharini unaupiga moja kwa moja hata maji uchote wapi ni kazi bure.

Binti Shangani
Shikamoo mzee. Kweli hayanyweki, hata sabuni haitoi povu 😅 na nimeupanda upande wa baharini kabisa ili wapita njia wauone. Ila zile ncha zilizoungua nazikata kila wiki zisiniharibie sura.

Fundi Bustani Masasi
Weee dada hapo kwenye kukata ndo umejimaliza!! Ua linatokea nchani mwa shina, ukikata ncha unakata ua lenyewe halijazaliwa. Shina unakata chini kabisa likishatoa ua na ua likachakaa, maana halirudii tena. Na kile kichwa kilichozeeka usikitupe haraka, vitoto huwa vinaota humo humo katikati ya magamba mekundu, unavibandua unapanda.

Mzee wa Mikoroshoni
Marahaba mwanangu. Hamishia nyuma ya nyumba penye jua la asubuhi, ila subiri mvua zishike Desemba hivi, saa hizi kiangazi utauua. Chukua tunguu lenye machipukizi mawili matatu ufukie juu juu tu, halafu mchanga wetu huu haushiki maji kwa hiyo funika na makumbi ya nazi au majani makavu ya mkorosho. Na kinga maji ya mvua ya bati, pipa moja tu litakusogeza.

Mdau wa Mitwero
Mie niko Lindi, huyo shangazi anauza bei gani?

Binti Shangani
Hauzi, anatupa, jitegemee nauli tu 😂