Klabu za likizo za melini: laki mbili na nusu kila mwezi, na bei ya meli bado ni kubwa kuliko ya mtu baki

Wakuu, salaam. Leo sina utani. Naandika nikiwa nimewaka, atakayeona lugha kali anivumilie. Na nyie watu wa "fursa", najua mmejaa humu, someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kumwaga povu.

Mnazijua hizi klabu. Unalipa kiingilio, halafu kila mwezi unakatwa dola, unarundika pointi, eti siku ukiamua unapanda meli ya kitalii Ulaya, Dubai au Karibiani kwa nusu bei. Mdogo wangu ni nesi Arusha. Aliunganishwa na mfanyakazi mwenzake wodini. Kiingilio dola 149, kila mwezi dola 99. Hiyo ya mwezi peke yake kwa shilingi zetu ni kama laki mbili na nusu, inakatwa kwenye kadi ya mtandaoni anayoijaza kwa simu, mshahara uwe umetoka au haujatoka. Mwaka mzima amelipa bila kukosa. Jina la klabu silitaji, mods wasije wakaufungia uzi. Waliomo wataijua kwa harufu.

Majuzi ananipigia kwa furaha: "Kaka, pointi zangu zimejaa, nataka nimpeleke mama Ulaya kwa meli, njoo tuchague safari." Mimi mkate wangu ni uhasibu. Nikamwambia fungua hiyo akaunti tuangalie wote.

Tukachagua safari ya usiku 7 Bahari ya Mediterania: unapandia Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya kwenda Roma, Palermo, Tunis, unarudi Barcelona. Watu wawili, chumba cha ndani kisicho na dirisha, yaani cha bei ya chini kabisa. Kwenye skrini kuna "bei ya soko" dola 2,640, imepigwa mstari mwekundu. Chini yake kwa kijani, bei ya mwanachama dola 2,180. Mdogo wangu akapiga kigelegele. Mia nne na sitini zimeokolewa hata pointi hatujagusa!

Chini kuna kile kimstari cha kutelezesha kwa kidole, unachagua utumie pointi ngapi. Ana pointi 2,376, maana kwa kila dola 99 wanamwandikia pointi 198, na wao wenyewe wanasema pointi moja ni dola moja. Basi kwa hesabu ya mtu mwenye akili timamu safari imelipwa na chenji inabaki. Akavuta kimstari. Kikagota kwenye 545. Akavuta tena, kikarudi. Akazima simu akawasha, akidhani ni mtandao. Hapana wakuu, ndivyo kilivyotengenezwa. Mwanachama wa mwaka mmoja anaruhusiwa kulipa robo tu ya bei kwa pointi, iliyobaki atoe taslimu. Ukikaa zaidi, yaani ukilipa zaidi, asilimia inapanda kidogo kidogo.

Kwa hiyo taslimu inabaki dola 1,635. Bonyeza "endelea", zinaibuka kodi na ada za bandari, dola 210, na hizo pointi haziruhusiwi kuzigusa. Jumla dola 1,845.

Nikafungua tovuti ya kampuni yenyewe ya meli. Meli ileile, tarehe ileile, chumba cha daraja lilelile, watu wawili. Dola 1,790. Kodi na ada za bandari zikiwa ndani. Hakuna kiingilio, hakuna pointi, hakuna dada wa kukupigia simu saa 4 usiku.

Soma tena taratibu. Mtu ambaye hajawahi kuisikia hiyo klabu analipa 1,790. Mdogo wangu, BAADA ya kutumia pointi zake, anatakiwa alipe 1,845. Dola 55 zaidi ya mtu baki. Na hapo ameshawapa dola 1,337 za kiingilio na ada za mwaka. Jumlisha, chumba kisicho na dirisha kinamgharimu 3,182.

Nikadhani labda tovuti inadanganya. Nikampigia wakala mmoja wa safari pale Posta. Akanipa 1,790 hiyohiyo, na kamisheni yake akasema hailipwi na mimi, inatoka kwa kampuni ya meli. Ndivyo biashara hii ilivyo dunia nzima: meli inamlipa wakala kwa kumletea abiria. Hata hiyo klabu ni wakala tu, inapokea kamisheni hiyohiyo, halafu inakukamua na wewe kila mwezi.

Na hao wanaosema "unalipia hadhi ya uanachama", kampuni kubwa za meli zina klabu zao za wateja na huwa hazina ada. Royal Caribbean wana Crown & Anchor Society, MSC wana Voyagers Club. Daraja lako linapanda kwa kusafiri nao, si kwa kukatwa kadi ukiwa umelala Ngaramtoni. Anayetaka bei ya chini kweli atafute safari za meli kuhamia: meli nyingi hutoka Karibiani kuja Mediterania kwenye Aprili, na kurudi Oktoba na Novemba, na kwa kuwa zinavuka Atlantiki siku nyingi bila kusimama, bei ya kila usiku huwa ya chini kuliko safari za kawaida. Hilo linauzwa wazi kwa kila mtu.

Sasa njoo kwenye visa, maana hapa ndipo hasira ilinipanda kichwani. Kwenye semina zao za Zoom hakuna aliyewahi kulitaja neno hilo. Barcelona ni Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Ada ya ombi euro 90 tangu Juni 2024, ukinyimwa hairudi. Bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Taarifa za benki, barua ya mwajiri, tiketi. Na ile meli inatoka Palermo kwenda Tunis, nje ya Schengen, ndipo irudi Barcelona, kwa hiyo visa ya kuingia mara moja haitoshi, utahitaji ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukikosea hapo, meli haitakupandisha kabisa. Mzungu mwenye pasi ya Ujerumani anapakia sanduku anaondoka. Klabu inamuuzia nesi wa Arusha bidhaa iliyopangwa kwa yule mwenye pasi ya Ujerumani, halafu inamwambia "akili yako ndiyo kikwazo".

Nauli ya ndege? Juu yako. Bahshishi ya wahudumu melini? Kampuni nyingi zinaikata moja kwa moja kwenye akaunti yako ya chumba, kwa kila kichwa kwa kila siku. Kwenye meli kubwa za Marekani sasa ni kama dola 16 hadi 20. Soda, intaneti, basi la kutoka bandarini Civitavecchia kwenda Roma, ambako ni zaidi ya saa nzima, vyote pembeni.

Nikampigia kiongozi wake wa juu kwenye hiyo klabu. Nilianza kwa adabu, "shikamoo dada", kwa sauti niliona kanizidi umri. Nikamsomea namba zote mbili. Jibu lake: "Kaka, usiangalie bei, angalia thamani." Nikamwambia dada yangu, bei ndiyo mnayoitangaza, mmeandika nusu bei kwenye bango. Akageuza: "Mdogo wako tatizo hajajenga timu. Aunganishe watu wanne tu, ada yake ya mwezi inafutwa."

Enhee. Hapo ndipo biashara yenyewe ilipo.

Wanne kila mmoja alete wanne, ni 16. Kisha 64, 256, 1,024. Endelea na kikokotoo. Hatua ya 13 inahitaji watu 67,108,864. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120, pamoja na vichanga na bibi zetu wasio na kadi ya benki. Sasa nani atakayemlipia yule wa chini? Hakuna. Atalipa mwenyewe mpaka achoke.

Na hii si mara ya kwanza nchi hii kupigwa. DECI mwaka 2009 ilikuwa upatu wa "panda mbegu", watu wakauza mashamba. LBL mwaka 2025 ilikuwa eti unalipwa kwa kutazama matangazo mtandaoni, polisi wakaanza kukamata watu mikoani. Nje huko kulikuwa na klabu ya likizo ya Kimarekani iitwayo WorldVentures, pointi, safari, timu, picha za wanachama wameshika mabango ya buluu, kila kitu. Norwei mwaka 2014 mamlaka yao ya michezo ya bahati nasibu iliamua kwamba ule ni mfumo wa piramidi. Desemba 2020 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Sisemi kila klabu ya likizo ni hiyo. Nasema ukiona pato linatoka kwa watu unaowaunganisha kuliko safari zinazouzwa, uliza maswali.

Nimejaribu kuwatetea, kwa kweli. Nikasema labda kuna mtu anayefaidi: ana visa zote, anapanda meli kila mwaka, amekaa miaka mitano hadi asilimia ya pointi imepanda. Nikamfanyia hesabu. Bado bei yao ya kuanzia imejazwa, na kila mwaka ada inaendelea. Kibubu cha nyumbani ukitia elfu kumi unatoa elfu kumi. Hawa wanakuambia tia 99 utoe 198, na hakuna mtu duniani anayekuongezea mara mbili bure. Hiyo nyongeza lazima irudishwe mahali fulani, na inarudishwa kwenye bei ya soko ya kubuni na kwenye kile kimstari kinachogota.

Kujitoa nako ni vita. Masharti ni kurasa kibao za Kiingereza cha kisheria. Kurudishiwa hela ni siku 14 za mwanzo tu. Ukiacha kulipa akaunti inagandishwa, na pointi zinafutwa baada ya siku 90. Mgogoro unasuluhishwa nchi za nje, kwa usuluhishi wao. Mdogo wangu kawaandikia barua pepe, kajibiwa na mashine: "Asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu." Tumemwondolea hela yote kwenye ile kadi na kuifunga, maana kitufe cha kujitoa kwenye akaunti yake hakikuonekana popote.

Wewe unayeombwa kuingia, kabla hujatoa hata senti, mwambie huyo anayekuunganisha afungue akaunti yake mbele yako. Achague safari moja, tarehe moja, chumba kimoja, afike ukurasa wa mwisho wa malipo. Wewe fungua tovuti ya kampuni ya meli pembeni. Akikataa au akianza habari za "mindset", nyanyuka nenda zako.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Kuna mmoja kanifuata inboksi ananiita mchawi wa maendeleo, kanitumia picha yake amesimama mbele ya meli bandarini Zanzibar. Mkuu, meli zikitia nanga Zanzibar hata muuza madafu anapiga nazo picha. Ninachotaka ni risiti. Kama kuna mwanachama humu aliyesafiri kwa pointi bila kuunganisha mtu yeyote, aiweke hapa: bei aliyolipa, pointi zilizokatwa, taslimu aliyoongeza. Afute jina na namba ya kadi. Na kama kuna aliyefanikiwa kurudishiwa hela baada ya zile siku 14, naomba anieleze alipitia benki au alipitia wapi, mdogo wangu bado ana karatasi zote.