Hearts au Hibs: nimnunulie mwanangu jezi ipi, kwa kuangalia historia ya vikombe?

BabaWawili (mleta mada)
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha mfukoni. Tulihamia Edinburgh mwezi wa nane, na mwanangu, ambaye nyumbani hakuwa akijali kandanda, sasa haongei jambo jingine. Nimemwahidi jezi siku yake ya kuzaliwa, ambayo ni wiki ijayo. Timu kubwa za jiji hili ni mbili: Hearts, wanaovaa rangi ya damu ya mzee, na Hibernian, au Hibs kwa kifupi, wanaovaa kijani chenye mikono myeupe. Sitaki kupima kwa ligi, kwa kuwa huko Celtic na Rangers wamewafunika wote wawili kwa miaka mingi. Ninataka kupima kwa vikombe, na hasa kwa siku walizokutana wao kwa wao. Ni nani aliyemzidi mwenzake, na jezi ipi mtoto ataivaa kwa fahari?

MgosiWaGorgie
Ndugu yangu, jibu ni Hearts. Kombe la Uskoti tumelitwaa mara 8: 1891, 1896, 1901, 1906, 1956, 1998, 2006 na 2012. Hibs wamelitwaa mara 3: 1887, 1902 na 2016. Katika Kombe la Ligi tunawapita kwa moja tu, 4 kwa 3, na hilo ninalikiri. Lakini wewe umeuliza kuhusu kukutana wao kwa wao. Fainali ya Kombe la Uskoti imewakutanisha mara mbili, 1896 na 2012, na mara zote mbili tulishinda sisi, kwa 3–1 na kwa 5–1. Nusu fainali ya 2006 tuliwafunga 4–0 pale Hampden, uwanja wa taifa ulioko Glasgow, Paul Hartley akifunga mabao matatu peke yake. Ile ya msimu wa 2019–20, iliyosogezwa hadi Oktoba 2020 na kuchezwa bila mashabiki kwa sababu ya korona, tulishinda 2–1 katika muda wa nyongeza, na ya 2022 tukashinda 2–1 tena. Mtoto anayevaa damu ya mzee hatakosa la kujibu shuleni.

BintiLeith
Kabla hatujamhukumia mtoto wa watu, mleta mada atueleze mambo aliyoyaacha. Mtoto ana umri gani? Mnaishi mtaa upi? Wenzake darasani wanashabikia timu gani? Tena unataka jezi mpya ya msimu huu, au jezi ya kumbukumbu inayofanana na iliyovaliwa katika fainali fulani? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Kuhusu hesabu za Mgosi, sizikanushi, ila amehesabu makombe na kuacha uzito wake. Hibs walipotwaa Kombe la Uskoti mwaka 1902, hakuna aliyejua kwamba wangelisubiri tena kwa miaka 114. Katika kusubiri huko walifika fainali mara 10 na kupoteza zote kumi. Bibi alizaliwa, akaolewa, akazeeka na kuzikwa bila kuliona kombe hilo likiletwa Leith, upande wa jiji ulio nyumbani kwa Hibs. Sasa tazama njia ya 2016. Raundi ya tano tulipangiwa watani wetu kwao Tynecastle, sisi tukiwa daraja la pili na wao wakiwa ligi kuu. Tulikuwa nyuma kwa mabao mawili hadi dakika ya 80, Jason Cummings akarudisha moja, kisha Paul Hanlon akasawazisha katika dakika za nyongeza za mwamuzi. Marudiano yakachezwa kwetu Easter Road, Cummings akafunga, 1–0, Hearts nje. Tarehe 21 Mei tukawafunga Rangers 3–2 katika fainali, bao la mwisho likiwa kichwa cha nahodha David Gray kutoka kona ya Liam Henderson, dakika ya 92. Kwa hiyo kombe kubwa kuliko yote katika historia yetu lilipitia juu ya Hearts. Hiyo ndiyo jezi ya kumnunulia mtoto.

BabaWawili (mleta mada)
Ahsanteni sana, na ninaomba radhi kwa kuacha mambo muhimu. Mtoto anatimiza miaka 9. Tunaishi Dalry, lakini mama yake anafanya kazi Leith na mara nyingi huongozana naye huko siku za mapumziko. Darasani kwake wamegawanyika, na rafiki yake wa karibu ni wa Hibs.

MgosiWaGorgie
Dalry! Ndugu, kutoka hapo hadi Tynecastle unakwenda kwa miguu, na siku ya mechi mtoto atasikia kelele za bao akiwa dirishani. Kwangu mimi mjadala umekwisha. Na Bi Leith, mechi ya raundi ya tano haiwezi kuwekwa kwenye mizani na fainali. Mkitaka kuhesabu raundi za awali, basi tuhesabu na ya 1994, Wayne Foster alipofunga bao la ushindi mwishoni, hukohuko kwenu Easter Road, katika kipindi ambacho Hearts walicheza dabi 22 mfululizo bila kufungwa.

BintiLeith
Tuhesabu zote, sikatai. Desemba 2012, miezi saba tu baada ya ile fainali mnayoitaja kila siku, mlikuja Easter Road katika kombe hilohilo mkiwa mabingwa watetezi na mkatolewa kwa 1–0. Mwaka 2017 mkatolewa tena, kwa 3–1 katika marudiano. Novemba 2006 tuliwatoa katika robo fainali ya Kombe la Ligi, na kombe lenyewe tukalichukua kwa kuwafunga Kilmarnock 5–1. Na Mwaka Mpya wa 1973 tuliwafunga 7–0 nyumbani kwenu.

MgosiWaGorgie
Ile ya 7–0 ilikuwa mechi ya ligi. Mleta mada amesema wazi kwamba ligi haitaki, kwa hiyo ninaomba iondolewe katika hesabu. Hayo mengine ninayakubali.

MkaaziWaZamani
Ninaomba nafasi nieleze yaliyonipata, kwa sababu yanahusu ununuzi na yanahusu fainali yenyewe. Mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi Glasgow, na nilikuwa shabiki wa Hearts tangu miaka mitatu nyuma, pale mwenzangu wa chumba aliponipeleka Tynecastle kwa mara ya kwanza. Fainali ilipowakutanisha na Hibs, tiketi rasmi ziliniponyoka. Siku yenyewe, tarehe 19 Mei, nilimkuta mtu nje ya kituo cha treni akiuza tiketi moja, akaniapia kwamba ni ya upande wa Hearts, nami nikalipa karibu fedha zote nilizokuwa nazo za kula mwezi ule. Sikuwa ninaijua ramani ya uwanja wa Hampden. Nilipopanda ngazi na kutokeza juu, mbele yangu kulikuwa na bahari ya kijani.

Skafu yangu ya Hearts ilikuwa ndani ya koti. Nililifunga koti vifungo vyote na kuketi. Pembeni yangu alikuwapo mzee aliyevaa skafu ya sufu iliyochakaa, na kabla mpira haujaanza aliniambia kwamba baba yake alikuwa akimleta Hampden, na kwamba hajawahi kuliona kombe. Darren Barr akafunga la kwanza, Rudi Skacel la pili, na mimi nikabana meno. James McPake aliporudisha moja, mzee alinikumbatia kwa nguvu, nami nikamkumbatia, huku nikisikia aibu ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri. Kipindi cha pili hakikuwa na huruma. Pa Kujabi akatolewa kwa kadi nyekundu, Danny Grainger akafunga penalti, na kabla watu hawajakaa vizuri Ryan McGowan akaongeza la nne. Viti vya upande wetu vikaanza kubaki wazi. Mzee hakuondoka. Skacel alipofunga la tano alinishika mkono, akasema ahsante kwa kukaa naye, kisha akashuka ngazi polepole.

Timu yangu ilipata ushindi mkubwa kuliko wote niliowahi kuushuhudia, na sikupiga hata kofi moja. Mwaka 2016 Gray alipofunga, mtu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa mzee yule, nikamwombea awe hai. Mimi bado ni wa Hearts. Lakini ukinitaka niseme ni fainali ipi kubwa kati ya 5–1 na 3–2, jibu langu halitampendeza Mgosi.

Kwa hiyo, Baba Wawili, usinunue kitu chochote kwa mtu wa barabarani, iwe jezi au tiketi. Nenda duka la klabu.

BintiLeith
Ndugu Mkaazi, nimesoma habari yako mara mbili. Baba mkwe wangu alikuwa upande ule siku ile, naye alibaki hadi kipenga cha mwisho. Ahsante kwa kuiandika.

MwanaKindu
Wapendwa, mmeongea vizuri, lakini kwa sisi wa Kongo kuna jambo moja zaidi. Beni Baningime, kiungo wa Hearts aliyetoka Everton mwaka 2021, amezaliwa Kinshasa. Kwa mtoto mwenye asili ya Afrika, kumwona mtu wa kwetu akikata mipira katikati ya uwanja wa Tynecastle kuna maana ambayo kombe la 1896 haliwezi kumpa. Ndugu zetu wa Uganda pia wanakumbuka kwamba David Obua alichezea Hearts.

BintiLeith
Ndugu Mwana Kindu, hata Hibs wana Rocky Bushiri, beki mwenye asili hiyohiyo ya Kongo. Katika hilo hakuna aliyemzidi mwenzake.

MwanaKindu
Ni kweli. Lakini Bushiri alizaliwa Ubelgiji.

MzeeWaKumbukumbu
Nimekaa kimya kwa sababu nilitarajia mtu aanzie pale panapostahili, na hakuna aliyefanya hivyo. Historia ya vikombe kati ya klabu hizi haikuanza Hampden. Hearts waliundwa 1874. Hibs wakaundwa 1875 na jamii ya Waayalandi wa mtaa wa Cowgate, chini ya ulezi wa padri Edward Hannan. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo wa 1875 walikutana mara ya kwanza katika viwanja vya wazi vya Meadows, Hearts wakashinda 1–0. Mwaka 1878 wakafika fainali ya kombe la chama cha soka cha Edinburgh. Wakatoka sare, wakarudiana, sare tena, hadi sare nne. Ni katika mechi ya tano tu ndipo Hearts waliposhinda kwa 3–2. Kwa maoni yangu utani wa jadi ulizaliwa katika mechi hizo tano, kwa sababu baada yake klabu nyingine za jiji zilibaki nyuma ya hizi mbili.

Fainali ya 1896 nayo ina jambo lake. Ilichezwa Logie Green, hapahapa Edinburgh, na ndiyo fainali pekee ya Kombe la Uskoti iliyowahi kuchezwa nje ya Glasgow. Uwanja ule ulikuwa wa St Bernard's, klabu ya tatu ya jiji, ambayo ilikuwa imetwaa kombe hilo mwaka mmoja tu kabla, 1895. Leo St Bernard's haipo. Ninapotembea upande ule wa Canonmills huwa ninasimama kidogo, ingawa hakuna cha kuona.

MgosiWaGorgie
Mzee wetu, shikamoo, na ahsante. Kwa hiyo fainali tulizokutana ni tatu, na zote ni zetu?

MzeeWaKumbukumbu
Marahaba. Ukihesabu kombe la jiji, ndiyo. Lakini kombe la jiji haliwezi kuwekwa daraja moja na Kombe la Uskoti, na mimi nisingependa nitumiwe kuongeza idadi.

MgosiWaGorgie
Mimi nisingelitupa. Mechi tano za kutafuta mshindi mmoja ni jasho kuliko fainali nyingi za siku hizi, ambazo penalti humaliza kila kitu kwa robo saa.

BintiLeith
Kama tunahesabu jasho, nimeshataja miaka 114.

BabaWawili (mleta mada)
Nimesoma yote pamoja na mke wangu jana usiku. Habari ya Ndugu Mkaazi nilimsomea hata mtoto, kwa kuitafsiri baadhi ya mahali. Aliuliza swali moja tu: yule mzee aliliona kombe mwaka 2016? Nilimwambia sijui. Leo asubuhi alisema anataka kwenda kwanza uwanjani, Tynecastle na Easter Road, kila mmoja mara moja, ndipo achague mwenyewe. Siku ya kuzaliwa ni Alhamisi, kwa hiyo bado sijui nitafunga nini katika karatasi ya zawadi.

MkaaziWaZamani
Mwambie kwamba hata mimi sijui, na kwamba ninaliuliza swali hilohilo kila mwezi wa tano.

BintiLeith
Mpeleke kwanza Easter Road, wakati mama yake yupo Leith. Na hujajibu bado: jezi mpya, au ya kumbukumbu? Za kumbukumbu mara nyingi hutengenezwa kwa vipimo vya watu wazima, na mtoto wa miaka 9 itamfika magotini.

MgosiWaGorgie
Mzee, nikurudishe nyuma kidogo. Zile sare nne za 1878, zilichezwa Meadows zote?