Naomba ushauri: vijana wa ulinzi shirikishi wanaamua kwa pupa

Habari zenu wakuu. Nasimamia vijana wa ulinzi shirikishi mtaani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma. Mbio wanazo, ujasiri wanao, filimbi na tochi zipo. Shida ni ile sekunde ya kwanza: yowe la "mwizi!" likipigwa, wote wanakimbilia upande mmoja, hakuna anayeangalia nyuma wala kutazama mikono ya anayekimbizwa. Naogopa wasije wakampiga asiye na hatia, au mmoja wao akachomwa kisu.

Nimewafundisha ngazi za tahadhari, zilizopewa rangi, za Jeff Cooper, yule mwanajeshi wa Marekani: nyeupe hujali lolote, njano umetulia lakini uko macho, chungwa umeona jambo mahususi la kutilia shaka, nyekundu uko tayari kupambana. Kwa maneno wameelewa vizuri tu. Ila moyo ukianza kwenda mbio, macho huona mbele peke yake na masikio kama yamezibwa; somo lote linayeyuka.

Wenye uzoefu wa polisi, JKT au mgambo, nisaidieni: zoezi gani la usiku, bila silaha, linamzoesha mtu kusimama, kutazama, ndipo aamue? Na amri pale atoe nani, kiongozi wa zamu au aliyefika kwanza?