Mama kapangiwa dawa ya tezi dume kwa saratani ya tezi ya mate. Imekaaje hii?

BintiMkubwa
Habari zenu wanajamvi. Naomba wenye uzoefu, utani tuuache kwa leo.

Mama alitolewa uvimbe kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, akapigwa na mionzi. Mshipa wa fahamu wa uso ulikatwa kwa sababu uvimbe ulikuwa umeuzonga. Jicho la upande huo halifumbi mpaka leo, usiku tunalibana kwa plasta. Majibu ya kinyama yalisema ni saratani ya mifereji ya mate. Sasa CT imeonyesha vidoa mapafuni.

Daktari anasema kisu hakina kazi tena. Kinyama kina vipokezi vya androjeni, yaani sehemu za seli zinazonasa homoni ya kiume, kwa hiyo mama anaweza kuingia kwenye utafiti: kompyuta itampangia ama kemo, ama vidonge vya bikalutamidi na sindano ya leuprorelini, za kuzima homoni hiyo. Nikafungua karatasi ya hivyo vidonge: "kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume". Mama yangu ni bibi wa wajukuu! Mama mdogo keshasema dada yake anafanywa panya wa maabara.

Homoni ya kiume imefikaje kwenye shavu la mwanamke? Na huko kupangwa na kompyuta si bahati nasibu?

MkaaDarubini
Pole sana dada. Mimi si daktari, kazi yangu ni kukata na kupaka rangi vinyama maabara, nitajibu la kwanza.

Androjeni si mali ya wanaume peke yao. Mwanamke anazitengeneza kwenye ovari na kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, hata baada ya kukoma hedhi. Wanaume wanazo nyingi zaidi, basi. Na saratani ya mifereji ya mate ukiiweka chini ya darubini inafanana mno na ile ya mifereji ya titi, ila hii wagonjwa wengi seli zao zina kipokezi cha androjeni.

Tunakijua hivi: tunakata ukanda mwembamba sana wa kinyama kilichogandishwa kwenye nta, tunaweka kingamwili inayonata kwenye kipokezi, halafu rangi. Kipokezi kikiwepo, viini vya seli vinakuwa kahawia. Nimeona slaidi zilizojaa kahawia kona hadi kona, na nyingine viini vichache hapa na pale, na zote mbili zikatoka na neno "chanya". Kwa hiyo muulize daktari ni asilimia ngapi ya seli zilizoshika rangi, na kwa nguvu gani.

Uliza pia kama HER2 imepimwa, yaani protini juu ya seli inayoisukuma saratani ikue. Kwenye aina hii karibu theluthi moja wanayo, na hiyo ina dawa zake. Japani waliwapa wagonjwa 57 wenye HER2 trastuzumabu, dawa inayoilenga, pamoja na kemo ya dosetakseli, na asilimia 70 hivi ya wagonjwa hao uvimbe ukapungua. Usisaini kitu kabla hujaliona jibu hilo.

Kibopa_Huru
Kampuni za dawa zinatafuta hela tu hapo. Mtoeni mama huko.

MzeeWaShavu
Kibopa, pumzika kidogo, wenye ugonjwa tuongee.

Binti, mimi natumia mseto huohuo, kwa saratani hiyohiyo. Karatasi ya dawa inataja tezi dume kwa sababu huko ndiko ilikoandikishwa. Mambo haya yalianzia huko: mwaka 1941 Charles Huggins alionyesha kwamba ukiinyima saratani ya tezi dume androjeni, inanywea. Alipewa Nobel mwaka 1966. Sisi wenye uvimbe huu ni wachache, nani ataandika karatasi kwa ajili yetu?

Matokeo nakueleza bila sukari. Japani waliwapa wagonjwa 36 mseto huu, uvimbe ukapungua vya kutosha kwa 15, na kwa wengine ukatulia. Nusu yao ugonjwa ulikuwa umeanza kusonga tena ndani ya miezi 9 hivi. Dawa hii inanunua muda, haiponyi. Na si kila dawa ya jamii hiyo inafaa: enzalutamidi peke yake ilijaribiwa kwa watu 46, na ambao uvimbe wao ulipungua kwa uhakika walikuwa wachache mno.

Kuhusu kompyuta: wanapanga hivyo kwa sababu hakuna anayejua kipi kitangulie, homoni au kemo. Wakimwachia daktari achague, wenye nguvu watapewa kemo na wachovu homoni, halafu matokeo hayasomeki. Kwa maelezo yako kila upande una dawa ya kweli, hakuna wa kupewa kidonge kitupu. Na mama akichoka anatoka, bila kuulizwa sababu.

Madhara nayajua mwilini. Joto linapanda kifuani ghafla, shati linalowa nikiwa nimekaa tu. Matiti yanauma nikigusa. Usingizi wa mang'amung'amu. Mimi walinianzisha vidonge kabla ya sindano, kwa sababu sindano hupandisha homoni kwanza ndipo izishushe. Ini wanalipima kwa damu mara kwa mara.

BintiMkubwa
Shikamoo mzee, na asante sana. MkaaDarubini asante pia. HER2 haipo kwenye majibu yetu, nimeangalia kurasa zote. Ni lazima mama akatwe kinyama kipya? Halafu ana kisukari, sijui kama hilo linaharibu.

MkaaDarubini
Si lazima. Bloku ya nta ya upasuaji hutunzwa miaka, daktari anaandika ombi tu na sisi tunakata ukanda mwingine. Kinyama kikikosekana au kikiwa kimeisha ndipo wanafikiria kuchoma sindano mapafuni wachukue kingine.

MzeeWaShavu
Marahaba binti. Kisukari kitaje siku hiyohiyo ya kusaini. Sindano inaweza kupandisha sukari, na mifupa inalegea, kwa hiyo waombe wapime mifupa mwanzoni. Na mama mdogo mchukue muende naye, maswali yake amuulize daktari mwenyewe.